Swali la kuazima

Shemeji hakuwa na nia mbaya, hilo nalijua. Lakini mnamfahamu, hakuna jambo analoliacha lipite hivihivi. Nilikuwa nasimulia kwa furaha namna mwanafalsafa Mjerumani Kant, katika kitabu chake Prolegomena cha mwaka 1783, alivyokiri mbele ya watu wote kwamba mwanafalsafa Mskoti Hume ndiye aliyemzindua usingizini, usingizi wa kupokea mafundisho bila kuyahoji. Shemeji akaweka kijiko chini.

"Sasa kama kaamshwa na mwenziwe, cha kwake ni kipi?"

"Cha kwake ni jibu, shemeji," nikasema.

"Jibu la swali la kuazima."

Wakacheka, mazungumzo yakahamia kwingine. Wiki hii ofisi imehama na mdogo wangu amejifungua salama, lakini mimi bado nimekaa pale mezani. Swali la kuazima! Naosha vyombo, nalisikia. Napanga mafaili, nalisikia.

Hume aliutazama mpira wa biliadi ukigonga mwingine. Tunauona wa kwanza ukifika, tunauona wa pili ukiondoka. Ule ulazima wenyewe, kwamba wa pili hauna budi kuondoka, haupo popote pa kuonekana. Ni mazoea tu, akasema: tumeyaona hayo mara nyingi, basi tunatarajia yajirudie. Kant akakubali kwamba ulazima hauonekani kwa macho. Mazoea akayakataa. Kwake, dhana ya sababu, yaani kwamba jambo moja hulazimisha jingine, haitokani na tajriba, yale tunayoyaona na kuyapitia. Akili ndiyo inayokuja nayo, na bila hiyo yote tunayoyaona yangekuwa vurugu tupu. Tena hakuishia hapo. Akajiuliza kama dhana hiyo ina wenzake, akazitafuta, na katika kitabu chake kikubwa cha 1781 akaziorodhesha 12. Hiyo nayo aliazima kwa nani?

Juzi usiku nikaifungua tena dibaji ya Prolegomena, kinyongo kikaniisha. Kant mwenyewe anasema hakumfuata Hume hata kidogo kwenye hitimisho lake. Anasema ukianza na wazo lenye msingi uliloachiwa na mwingine, unaweza kutumaini kufika mbali kuliko yule aliyekupa cheche ya kwanza. Halafu anasikitika jinsi wanafalsafa wenzake Hume wa Uskoti, kina Reid na Beattie, walivyombishia, wakitetea kwa nguvu jambo ambalo hakuwahi kulitilia shaka. Hume hakusema dhana ya sababu haina faida. Aliuliza imetoka wapi. Walikuwa na swali lilelile mikononi na hawakuliona.

Basi shemeji kasema kweli, na sasa naifurahia kauli yake. Swali lilikuwa la Hume, na kulipokea jinsi lilivyo iliwashinda watu hodari. Kinachoniuma ni kwamba Hume alifariki mwaka 1776, jibu hakuliona. Ningetoa chochote kujua angelijibuje.