Ukirudi, "tafadhali" iache uwanja wa ndege

Anayerudi Dar es Salaam baada ya miaka mingi Ujerumani huja na mizani moja ya adabu kichwani: du au Sie, maneno mawili ya Kijerumani ya kumwambia mtu "wewe". Du ni ya rafiki, ndugu na mtoto. Sie ni ya mtu msiyezoeana, na kitenzi nacho hubadilika kuifuata. Kiswahili hakina mizani hiyo. "Wewe" ni ya mkubwa na mdogo, na ukimwita mtu mzima "we!" kavukavu umeshamvunjia heshima. Adabu yetu tumeiweka kwenye salamu, kwenye jina unalomwitia mtu, na kwenye kitenzi.

Salamu kwanza, hata kama foleni ni ndefu. "Samahani, sukari kilo shilingi ngapi?" inatoshea Berlin, lakini kwa mwenye duka wa mtaani samahani haijawa salamu. Anza na "habari za saa hizi?", subiri "nzuri", ndipo useme shida yako. Na ukiulizwa habari, jibu ni "nzuri" hata kama una homa. Homa inafuata baada ya "ila". Kufungua na "mbaya" humshtua mtu, akadhani kuna msiba.

Shikamoo hupewa aliye rika la wazazi wako, au anayekupita kwa wazi. Asubuhi umeshampa, mkikutana tena jioni, "za tangu asubuhi?" inatosha. Kinachowaponza wengi ni upande wa pili: uliondoka kijana, sasa watoto wa mtaa wanakuamkia wewe. Jibu ni "marahaba", si "asante", wala si "poa". Ukikaa kimya, mtoto atakwenda kusema nyumbani kwamba mgeni hakuitika. (Ukimpa shikamoo dada wa miaka thelathini na kitu, huenda akakuambia usimzeeshe. Cheka, yaishe.)

Kuhusu majina, mama mwenye watoto ni Mama Asha au Mama Juma, na baba yao ni Baba Asha. Kumwita jirani aliyekuzidi umri kwa jina lake tupu, kama ofisini Ulaya, ni kosa analolisikia kila aliyepo. Hulijui jina la mtoto? Mama, mzee, kaka, dada, shangazi: chagua kwa umri.

Sasa kitenzi. Bitte ya Kijerumani ukiitafsiri unapata "tafadhali", lakini kwenye mazungumzo ya kawaida neno hilo lina ubaridi wa tangazo la ofisi, na likitamkwa kwa mkazo, "tafadhali bwana!", ni onyo. "Naweza kupata chai?" nayo inamfanya mhudumu asijue kama unaagiza au unauliza kama ipo. Bara Tanzania sema "naomba chai". Ukitaka kumtuma mtu, "naomba uniletee maji" ni laini kuliko "niletee", na "niletee" ni laini kuliko "lete maji". Nairobi "nipe chai" inapita bila kumkera mtu, na wakitaka kuilainisha husema "nisaidie na chumvi". Ukiisema Dar, wanaweza kukuuliza wakusaidie nini na hiyo chumvi.

Kuna vineno vinavyolainisha: "kidogo" na "mara moja". "Naomba kupita kidogo" haina maana kwamba utapita nusu. "Njoo mara moja" kwenye barua ya mwajiri ni amri ya kuja sasa hivi, ila mama akiita hivyo kutoka jikoni maana yake ni njoo, sitakuchelewesha.

Pole isichanganywe na samahani. Samahani ni ya aliyekosea. Pole ni ya kila aliyechoka, kujikwaa, kuugua au kufiwa, hata kama hukuhusika. Asiyesema "pole na kazi" kwa kuogopa kubeba lawama huonekana hana utu. Ukipewa wewe, sema "asante" au "nimeshapoa".

Panapobaki ugumu ni kukataa. "Hapana" tupu ni nzito. Ukikaribishwa chakula, "asante, nimetoka kula, endeleeni" inakutoa salama. Ukiweza, nawa uonje tonge moja. Ukiulizwa kama una watoto, jibu ni "bado", hata kama hutaki kabisa. Na fundi akisema "kesho, inshallah", usiandike miadi kwenye simu. Muulize, "nikupitie saa ngapi?" Akitaja saa, nenda. Akisema "tutawasiliana", tafuta fundi mwingine.