Jaribio la nne: hatimaye besi haijapasuka

Imekubali! Jana usiku nimerudi kutoka ukumbini na rekodi niliyoinasa mwenyewe ya onyesho la bendi kongwe ya panki ya hadikoo, yaani roki ya kasi na kelele, bendi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nimeisikiliza mara mbili toka mwanzo hadi mwisho bila kusikia ule mkwaruzo uliokuwa ukinikatisha tamaa.

Mara tatu nilirekodi, na mara tatu besi na ngoma ya teke, ile kubwa inayopigwa kwa mguu, vilipasuka. Kila nikifungua faili, mawimbi yalikuwa yamekatwa vichwa, bapa juu na bapa chini kama mbao iliyopitishwa randa. Nikashusha kiwango hadi vilele vikakaa desibeli 12 chini ya kikomo. Nikapata mkwaruzo uleule, ila kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka: wimbi likikatwa huku mita ya kiwango cha sauti ikionyesha nafasi tele, basi limekatwa kabla halijafika kwenye mita. Miezi mizima nimepambana na kitufe kisichohusika!

Jaribio la tatu niliazima kinasa sauti cha biti 32, kile ambacho watu hukisifu kwamba ukiwa nacho huna haja ya kupanga viwango. Ni chombo kizuri, sibishi. Lakini hakiwezi kurudisha kilichokwisha kukatwa ndani ya kipaza sauti (maikrofoni) chenyewe. Hivi vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye kola hupewa umeme na kinasa, volti mbili au tatu hivi, na kwa umeme mdogo namna hiyo huelemewa mapema. Sasa vipeleke kwenye ukumbi wa watu mia tatu, dari fupi, spika ziko hatua chache mbele yako, besi inakupiga kifuani. Haviwezi kufua dafu.

Dawa ni kisanduku cha betri ya volti 9 kinachokaa katikati ya kipaza sauti na kinasa, na kebo inaingia tundu la laini, lile la sauti iliyokwisha kuwa na nguvu, si la maikrofoni. Nimekilehemu mwenyewe: kapasita mbili, rezista mbili, na jeki mbili. Kilinitesa siku tatu. Upande wa kushoto ulikuwa unakatika kila nikigusa kebo, nikalaumu jeki, nikaibadilisha, bado. Nilipokiangalia kwa kioo cha kukuzia nikaona kiungo kimoja cha lehemu ni kijivu, haking'ai, kimekaa juu ya waya kama tone la nta. Nikakipasha upya, mambo yakanyooka. Wenzangu, nunueni pasi ya kulehemu yenye kurekebisha joto. Ile yangu ya zamani ndiyo iliyonipotezea hizo siku tatu.

Niliomba ruhusa ya bendi mapema, wakakubali. Nikasimama karibu na meza ya fundi mitambo, viwango nikavipanga wakati wa bendi ya kwanza na sikuvigusa tena. Muziki huu haukusubiri. Rekodi ya kwanza ya Minor Threat, bendi ya hadikoo ya Washington, ya mwaka 1981, ina nyimbo nane na haifiki dakika kumi. Ukishika kitufe kurekebisha, wimbo umeshaisha.

Mpango ulikuwa nianze leo kuzisafisha zile rekodi tatu za mwanzo. Nimeziweka kando, kwa sababu kuna jambo limenishika. Nilipoisikiliza rekodi ya jana nilihisi wazee hawa wanapiga haraka kuliko kwenye santuri yao. Nikahesabu wimbo wa ufunguzi: kwenye santuri mapigo 172 kwa dakika, jana 181. Mpiga ngoma ni yuleyule, amepita miaka sitini! Sasa nataka kuhesabu nyimbo zote. Fugazi, bendi nyingine ya Washington, walirekodi zaidi ya maonyesho 800 yao wenyewe, na sasa naelewa vizuri faida ya kuwa na hazina kama ile: unaweza kuufuata wimbo mmoja mwaka hadi mwaka.

Nimeshahesabu tano. Wa sita umenikwamisha, kwa sababu katikati yake waya wa gita ulikatika. Kwenye rekodi unasikika kabisa, tik, halafu gita linanyamaza, besi na ngoma vinaendelea peke yake, na ukumbi mzima unaimba sehemu iliyobaki. Kipande hicho nimekirudia mara sita, na besi iko safi.