Kumsikiliza J Dilla kwa mfuatano wa kurekodi

Nilimfahamu J Dilla, mtayarishaji wa hip-hop kutoka Marekani, kuanzia mwisho wake. Katika enzi zile ambapo nyimbo zilichomwa kwenye CD tupu na jina likaandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, nilinunua moja kwenye kibanda kilichokuwa karibu na Soko la Kilombero hapa Arusha, ikiwa na jina la msanii mwingine kabisa. Ndani yake mlikuwa na vipande 31 vifupi, na hakuna hata kimoja chenye mtu anayechana mistari. Niliamini kwamba muuzaji alinakili midundo mitupu akasahau sauti, nikarudi kudai hela yangu, naye akanijibu kwa upole kwamba CD ikishachomwa haina pa kurudi. Muda mrefu baadaye ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeshika Donuts, albamu iliyotoka tarehe 7 Februari 2006, siku ambayo mtengenezaji wake alitimiza miaka 32, na siku tatu tu kabla hajafariki.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wawili wanaojifunza kutengeneza biti, yaani midundo ya kuchania, katika chumba changu cha kurekodia, hapa Kijenge, wameniuliza waanzie wapi kumsikiliza, na jibu langu limekuwa refu kuliko walivyotarajia. Ukifuata tarehe ambazo albamu zake ziliingia sokoni, utamwona mtu anayerukaruka bila mpango, leo laini, kesho mkavu, kisha anarudi alikotoka. Ukifuata mfuatano ambao kazi zenyewe zilirekodiwa, mtu huyo huyo anaeleweka.

Jina lake lilikuwa James Dewitt Yancey, mzaliwa wa Detroit mwaka 1974, aliyekulia katika mtaa wa Conant Gardens. Nyumba yao ilikuwa ya muziki: mama yake, Maureen, aliwahi kuwa mwimbaji wa opera, na baba yake alipiga besi ya jazi. Jirani yao mmoja alikuwa Amp Fiddler, mpiga kinanda aliyefanya kazi na George Clinton, nguli wa muziki wa funk, na ni huyo aliyemfungulia kijana mlango wa kutumia mashine ya midundo ya Akai MPC. Fiddler huyo huyo ndiye aliyemkutanisha na Q-Tip, mchanaji wa kundi la A Tribe Called Quest, mwaka 1994. Mtu anayeamini kwamba vipaji hujitokeza vyenyewe na auangalie mtaa ule, ambako fundi aliyekwisha kuzunguka dunia alikuwa akiishi umbali wa kutembea kwa miguu na hakuona tabu kumfungulia mtoto wa jirani.

Mashine za aina ile zina uwezo wa kunyoosha mapigo, yaani ukibonyeza kitufe ukachelewa kidogo, zenyewe hulisogeza pigo mpaka likae kwenye mstari. Vijana husimuliana kwamba Dilla aliuzima uwezo huo, akapiga kwa mkono, basi. Maelezo hayo hayatoshi. Mtu anayechelewa kwa kutojua huchelewa ovyo, mara hivi, mara vile, ilhali katika midundo ya Dilla utakuta snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inawahi kidogo, matoazi yamenyooka au yanayumba kwa kipimo chake, na ngoma ya chini inakuja kana kwamba imejikwaa mlangoni, na mambo hayo yote yanarudi vilevile kila mzunguko. MPC3000, aliyoitumia kwa miaka mingi, humruhusu mtumiaji kuisogeza sauti moja mbele au nyuma na kuziacha nyingine mahali pake. Hapo ndipo penye kazi. Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hilo kwenye kompyuta, na wote wawili walinitengenezea midundo iliyosikika kama gari linalogoma kuwaka asubuhi ya baridi ya Julai. Si rahisi kukosea kwa makusudi ukapendeza.

Mwaka 1995 alishiriki kutengeneza albamu ya kundi la The Pharcyde iitwayo Labcabincalifornia, na ndani yake mna Runnin', wimbo uliojengwa juu ya kipande cha bossa nova, muziki wa Brazili, cha Stan Getz na Luiz Bonfá. Mwaka uliofuata alilitengenezea kundi la De La Soul wimbo wa Stakes Is High. Hapa naomba msomaji wa Kiswahili asimame kidogo, kwa sababu zile pembe nzito zinazougua chini ya wimbo ule zilitoka kwenye santuri ya mpiga piano Ahmad Jamal, na kibao chenyewe kinaitwa Swahililand. Sidai kwamba kuna Uswahili ndani yake zaidi ya jina. Ila nilipoligundua jambo hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa kuwa nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule miaka mingi bila kujua kwamba umepita kwetu, walau kwa jina.

Kundi lake mwenyewe lilikuwa Slum Village, pamoja na T3 na Baatin, na hapa ndipo tarehe zinapoanza kudanganya. Kazi yao ya kwanza, Fan-Tas-Tic, Vol. 1, ilirekodiwa kati ya 1996 na 1997 na ikazunguka kwa kaseti za kunakiliwa mkono kwa mkono, hivyo wanamuziki wengi waliokuwa wakubwa kuliko wao waliijua kabla haijawa na duka la kuuziwa. Ya pili, Fantastic, Vol. 2, ilikwama pale lebo yao, A&M, ilipofungwa katika muungano wa makampuni, na ikatoka mwaka 2000. Mwaka huo huo zilitoka Like Water for Chocolate ya Common, Voodoo ya D'Angelo na Mama's Gun ya Erykah Badu, zote zikiwa na mkono wake au kivuli chake. Msikilizaji wa mbali aliyezipata kwa pamoja angeweza kudhani kwamba Slum Village wanafuata mtindo uliokuwa ukivuma. Ukweli ni kinyume chake: wale wengine walikuwa wameisikia kaseti.

Jambo linalozua ubishi hapa kwetu ni uchanaji wake. Binamu yangu, ambaye amenizidi umri na ndiye aliyenifundisha kusikiliza hip-hop, alinisikiliza kwa uvumilivu siku nilipompigia mistari ya Dilla, kisha akasema, "Mdogo wangu, biti nimezikubali, lakini huyu bwana anasema nini hasa?" Ni swali la haki. Arusha ni mji uliowatoa X Plastaz, kundi la hip-hop, na masikio yetu yamezoea kudai ujumbe kabla ya kitu kingine chochote. Dilla aliimba zaidi juu ya magari, hela, wanawake na ubingwa wake mwenyewe, na sitajifanya kwamba kuna falsafa iliyofichwa humo. Ninachomjibu binamu ni kwamba amsikilize kama anavyosikiliza snea. Maneno yake mafupi huangukia palepale ambapo mdundo umeacha nafasi, mara nyingine nyuma kidogo ya pigo, na mstari ambao ukiuandika kwenye karatasi ni mwepesi kabisa, ukiwa ndani ya biti unakuwa chombo kimoja zaidi katika bendi. Binamu hajakubali, na sidhani kama atakubali.

Mwaka 2001, akiwa ameanza kujiita J Dilla badala ya Jay Dee, jina ambalo watu walilichanganya na la Jermaine Dupri, mtayarishaji mwingine aliyeitwa JD, alitoa Welcome 2 Detroit kupitia lebo ya BBE ya London. Ni albamu yenye mambo mengi kuliko kawaida, bossa nova upande huu, kibao cha mpiga tarumbeta Donald Byrd kilichopigwa upya upande ule. Baada ya hapo akaingia kurekodi albamu ya kuchana kwa ajili ya lebo kubwa, MCA, na kwa makusudi akaomba midundo mingi kutoka kwa watu wengine, wakiwemo Pete Rock, Madlib na Hi-Tek. Fikiria mtayarishaji ambaye kila mtu anamfuata kwa ajili ya biti, naye anaziweka zake kando ili asimame kwenye maikrofoni. Lebo iliiweka kabatini. Ilitoka mwaka 2016 kwa jina la The Diary, miaka kumi baada ya kifo chake, na wengi walioisikia wakati huo waliiona imepitwa na wakati, kana kwamba marehemu ndiye aliyechelewa.

Ukiirudisha The Diary mahali pake, mwaka 2002, utaelewa kwa nini kilichofuata kilikuwa kikavu vile. Mwaka 2003 alitoa Ruff Draft kwa lebo yake mwenyewe, akisambaziwa na kampuni ya Ujerumani, Groove Attack, na sauti yake ina vumbi la kaseti, kana kwamba imerekodiwa na mtu aliyechoka kuomba ruhusa. (Mwaka mmoja baadaye X Plastaz nao walitoa Maasai Hip Hop kupitia lebo ya Ujerumani. Wajerumani walikuwa na masikio wakati ule.) Mwaka huo huo wa 2003 ilitoka Champion Sound, ambamo yeye na Madlib walibadilishana midundo, kila mmoja akichana juu ya biti za mwenzake. Hapo ndipo mtayarishaji na mchanaji wanaonekana kwangu kuwa mtu mmoja.

Alikuwa tayari mgonjwa. Alisumbuliwa na maradhi adimu ya damu na pia lupasi, akahamia Los Angeles mwaka 2004, na mwishoni mwa 2005 alifanya ziara ya Ulaya akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kuna hadithi maarufu kwamba Donuts yote ilitengenezwa kitandani hospitalini, lakini kazi ile ilianza kabla ya kulazwa, nayo haihitaji kuongezewa huzuni. Sikiliza Don't Cry. Kwanza anauacha wimbo wa zamani wa kundi la The Escorts ucheze karibu kama ulivyo, kana kwamba anakuonyesha nguo kabla ya kuikata. Kisha anaukatakata vipande vidogo kabisa na kuvishona upya, mpaka zile sauti zilizokuwa zikimbembeleza mtu asilie zinasikika kama zenyewe ndizo zinazolia. Kipande cha kwanza cha albamu kinaitwa Donuts (Outro), yaani tamati, na cha mwisho Welcome to the Show, yaani karibuni kwenye onyesho, na ukiiacha ijirudie, mwisho unaungana na mwanzo. Mtu anayeanzia hapo, kama nilivyoanza mimi, husikia ufundi mtupu. Aliyepitia miaka yote ile husikia mtu aliyewahi kutaka sana kusema, akaamua safari hii kuwaachia santuri za watu waseme.

The Shining ilitoka Agosti 2006, ikiwa imekamilishwa na rafiki yake, mpiga ngoma Karriem Riggins, na ni nzuri. MPC yake sasa iko katika makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi jijini Washington.

Wale vijana wawili nimewapa flashi yenye folda zilizopangwa kwa miaka ya kurekodi. The Diary iko kwenye folda ya 2002, mbele ya Ruff Draft, na tayari mmoja wao amenitumia ujumbe akiniuliza kwa heshima, kaka, kama sikukosea.