Damu Kwenye Mswaki

Mama alitoa mswaki mkobani akauweka mezani kwangu. Ulikuwa mpya, nyuzi zimesimama wima. "Tumeacha kumpigisha, daktari. Tukigusa tu, damu."

Mtoto alikuwa na miaka 3, ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo. Kilichomsumbua baba ni hesabu: meno 14, wakati dada yake alikuwa na yote 20 umri huo. Nikamweleza kwamba watoto hawa huchelewa kuota meno, na mengine huenda hayamo kabisa. Tukapita hapo.

Niliushusha mdomo wa chini kwa kidole. Fizi za mbele zilikuwa nyekundu, zimevimba, na shinani mwa meno umelala utando mweupe. Tundu hata moja halikuwapo. Meno mazima ndiyo huwapumbaza wazazi, kumbe kinga ya miili ya watoto hawa haiwawezi vyema bakteria wa fizi, na mfupa unaoshika meno unaweza kuanza kulika mapema. Damu ililetwa na utando ule; kuuacha ni kuiongeza.

Nikawaketisha wazazi wakitazamana, magoti yamegusana. Mama akampakata mtoto, uso kwa uso, kisha tukamlaza taratibu mpaka kichwa kikatua mapajani mwa baba. Shingo niliishikilia mwenyewe, maana viungo vyake kwa watoto hawa hulegea. Mama akashika mikono. Baba akachungulia kutoka juu: "Kumbe magego anayo!"

Akakamua dawa ya meno mswaki mzima. Nikaifuta, nikabakiza kiasi cha punje ya njegere. Nyuzi zilale mshazari, nusu jinoni nusu kwenye ufizi, vizunguko vidogo, meno mawili mawili. Ulimi uliusukuma mswaki nje mara nne. Nikamwonyesha kutanguliza kidole kati ya shavu na fizi, nje ya meno asije akang'atwa, mswaki ufuate. Damu ikatoka. Mama akageuza uso. "Endelea," nikamwambia baba.

Ugaga, yaani utando ulioganda ukawa mgumu menoni, sikuukwangua siku ile. Mtoto alikuwa amezibwa tundu la moyo miezi 4 nyuma, nikataka kwanza kauli ya daktari wake wa moyo kuhusu antibiotiki za kuzuia bakteria wa mdomoni wasifike moyoni. Mswaki wa nyumbani haungoji kauli hiyo.

"Na asubuhi, baba yake akishatoka?" mama akauliza. Amlaze kitandani, kichwa mapajani pake. Usiku je, kabla au baada ya dawa ya kikohozi? Baada. Dawa ile ya maji ina sukari.