Novemba ya Kusini: nani atakuamsha?

Jumapili ya kwanza ya Novemba. Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma, na huku Tennessee na kusini mwa Kentucky jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Kwa wengi hii ni tarehe ya kutoa makoti kabatini. Kwangu ni tarehe ya kubadilisha betri za redio ya hali ya hewa, ile inayolia yenyewe onyo likitolewa, maana msimu wa pili wa tonado umeingia. Unaanza Novemba na kuvuka hadi katikati ya Desemba, kutoka Louisiana na Arkansas, kupitia Mississippi na Alabama, mpaka huku kwetu na Georgia.

Neno lenyewe linatuponza. Tukiiita tonado kimbunga, aliyetoka Pwani anakumbuka Hidaya wa Mei 2024: kina jina, kinatoka baharini, kinafuatiliwa kwenye ramani siku kadhaa kabla hakijafika. Tonado haina jina, wala haikupi siku. Inashuka kutoka kwenye wingu la radi, mara nyingi ina upana wa mita mia chache tu, na inaweza kuzaliwa na kufa ndani ya dakika kumi. Kwa umbo, kisulisuli ndicho ndugu yake wa karibu, ila kisulisuli huinuka na vumbi la jua kali, na hii huteremka na mvua. Familia inayosubiri kupewa siku mbili za kujiandaa itakutwa kitandani.

Kwa nini Novemba? Maji ya Ghuba ya Mexico bado yana joto la kiangazi. Wakati huohuo ule mkondo wa upepo mkali wa juu, uliokuwa kaskazini miezi yote ya joto, umeshuka kusini, na hewa baridi ya Kanada inasukuma nyuma yake. Upepo wa karibu na ardhi unatoka kusini-mashariki. Wa kilomita chache juu unatoka kusini-magharibi kwa kasi kubwa zaidi. Hewa iliyo katikati inaviringika kama penseli kati ya viganja viwili, na wingu linapopanda huisimamisha wima. Dhoruba nyingi za masika kule Oklahoma hula joto la mchana, kisha hupungua nguvu usiku. Za Novemba zinaendeshwa na upepo zaidi kuliko jua, kwa hiyo giza halizipunguzii nguvu. Tena mara nyingi huja kwa mstari mrefu, zikikimbia kilomita 80 hadi 100 kwa saa, na tonado imejificha ndani ya mvua, nyuma ya vilima na misitu. Anayetoka kibarazani kuangalia hataona kitu.

Tarehe 15 Novemba 1989 Huntsville, Alabama, ilipigwa saa 10:30 jioni watu wakitoka kazini, 21 walikufa. Novemba 2002, mwishoni mwa wiki moja tu, tonado zaidi ya 70 ziliua watu 36, wengi wao Tennessee na Alabama. Na usiku wa 10 kuamkia 11 Desemba 2021, tonado iliyopiga Mayfield, Kentucky, ilikata njia ya kilomita 266 na kuua watu 57. Usiku uleule, baada ya saa 7, nyingine ikaingia Bowling Green, mji uliopokea wakimbizi kwa miongo, Wakongo wakiwemo. Zaidi ya 15 walikufa. Saa 7 usiku mtu amelala, ndiyo maana swali langu kila mwaka ni lilelile: nani atakuamsha?

Kuna jambo moja ambalo msemaji wa Kiswahili analipata bure. Ramani za kituo cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, huandikwa kwa saa ya dunia, na herufi Z mwishoni. Kuanzia leo mpaka Machi, eneo la saa za kati, yaani Nashville, Memphis, Huntsville na Bowling Green, liko nyuma ya saa hiyo kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo inahesabiwa kwa tofauti ya sita. Basi 03Z ni saa 3 usiku, 06Z ni saa 6 usiku, 00Z ni saa 12 jioni. Ikizidi 12, toa 12: 21Z ni saa 9 alasiri. Aliye Atlanta au Knoxville aongeze saa moja. Ila ujumbe wa simu hutumia saa ya mahali, kwa hiyo 1:15 AM ni saa 7:15 usiku.

Viwango viwili vya onyo huchanganywa sana. "Tornado Watch" ni sawa na angalizo: hewa imeiva, na eneo husika ni kubwa, wilaya nyingi kwa saa kadhaa. "Tornado Warning" ni tahadhari: rada imeona mzunguko au mtu ameiona tonado yenyewe, na una dakika chache. Simu hulia yenyewe kwa tahadhari tu. Angalizo halitumwi kwa njia hiyo, kwa hiyo lazima ulitafute kabla ya kulala. King'ora cha mtaani kiliwekwa kwa ajili ya walio nje. Usikitegemee ukiwa ndani, feni inazunguka na mvua inapiga bati.

Redio ndiyo iamshayo. Chagua yenye kipokezi cha msimbo wa wilaya, ikae karibu na dirisha, antena imevutwa yote. Kati ya masafa saba, 162.400 hadi 162.550 MHz, shika lile linalosikika safi. Halafu ingiza tarakimu sita za wilaya yako: Warren, Kentucky, ni 021227, Davidson, yaani Nashville, ni 047037. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Redio mpya mara nyingi imewekwa kulilia wilaya zote, basi inapiga kelele kwa mvua iliyo kilomita 100, na usiku wa tatu mwenye nyumba anaichomoa. Kosa la pili ni kutotia betri, kwa kuwa inatumia umeme wa ukutani. Umeme ndio wa kwanza kukatika.

Ukiamshwa, shuka ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha: choo, stoo, chini ya ngazi. Anayekaa ghorofa ya tatu azungumze wiki hii na jirani wa chini, si usiku wa tukio. Ngazi za wazi za nje si maficho. Valisha watoto helmeti za baiskeli, na kila mtu avae viatu, maana baada ya hapo sakafu ni vioo na misumari. Madirisha yaache yalivyo. Kuyafungua hakusaidii kitu.

Anayekaa kwenye trela, yaani nyumba ya kuhamishika isiyo na msingi, ndiye ninayemhofia zaidi. Mikanda na nanga za chuma huliwa na kutu, udongo uliolowa huziachia, na hata tonado ya EF1, ngazi ya pili kutoka chini kwenye kipimo cha nguvu za tonado, yenye upepo wa kilomita 138 hadi 177 kwa saa, inaweza kuipindua. Huyu asingoje tahadhari. Likitoka angalizo la usiku, achukue watoto, dawa na hati za uhamiaji ndani ya mfuko wa plastiki, akalale kwa ndugu mwenye nyumba iliyojengwa juu ya msingi. Na sisi wenye nyumba tumwalike kabla hajaomba.

Dalili moja ya kuangalia jioni: usiku wa Novemba usiopoa, upepo wa kusini, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka umande, kimefika nyuzi 60 za Farenhaiti, karibu 16 za Selsiasi. Usiku wa namna hiyo, na mstari wa mvua unakuja kutoka magharibi, viatu vikae kando ya kitanda.

Jaribio la redio kwa kawaida hulia Jumatano, kabla ya saa 6 mchana. Yangu isipolia wiki hii, nitaanza na betri.