Vanila ya alfajiri, vanila ya mchana

Mwanza, Julai, kabla ya jua kutoka

Baridi ya hapa huja kwa saa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwezi wa sita na wa saba alfajiri hushuka hadi nyuzi 16 au 17, na wanaosubiri kivuko pale Kamanga hujikunyata ndani ya makoti. Ikifika saa saba mchana ni nyuzi 28, mawe yanatoa joto kama kikaango na koti limefungwa kiunoni. Manukato uliyojipulizia alfajiri bado yapo shingoni.

Ndiyo maana ushauri mwingi kuhusu unyunyu wa harufu tamu hautufai ulivyo. Umeandikiwa watu ambao baridi yao hukaa miezi mizima bila kuondoka. Wao wakijipulizia vanila na karameli mara sita asubuhi hawamkeri mtu, kwa kuwa mchana wao ni baridi vilevile. Hapa mara sita za alfajiri zinageuka mateso ndani ya daladala ya Igoma. Utamu wa ziwani hupimwa kwa saa, na hilo nalishikilia kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye chupa.

Harufu hutoka kwenye ngozi kama mvuke. Limonini, ile inayotupa harufu ya ganda la chungwa, huchemka kwenye nyuzi 176, kwa hiyo huruka upesi na baada ya nusu saa huioni. Vanilini, kiini cha harufu ya vanila, huchemka kwenye nyuzi 285. Ni nzito, hutoka kidogokidogo, na hutaka joto la mwili chini yake. Hewa ya alfajiri huibana, ukapata utamu mwembamba wa karibu, kama harufu ya maandazi ya iliki inayopenya chini ya mlango. Jua likipanda, kilichobanwa kinaachiwa chote kwa pamoja. Tone ni lilelile.

Vanilini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1874, kutokana na utomvu wa misonobari, na miaka 15 baadaye ilikuwa ndani ya Jicky, manukato ya kampuni ya Kifaransa ya Guerlain. Shalimar ya mwaka 1925 iliutia utamu huo harufu ya moshi na ya ngozi ya mkoba. Lakini harufu ya kitindamlo hasa, ile inayokufanya utafute sahani, ilikuja na manukato ya Angel mwaka 1992, ambamo kemikali ya etili maltoli ilimwagwa bila woga kisha ikakabwa na pachuli, mafuta ya majani. Etili maltoli hunukia kama shira ya kaimati pale inapoanza kugeuka rangi ya dhahabu. Dakika mbili zaidi jikoni na shira hiyo inaungua, inakuwa chungu. Unyunyu mwingi wa karameli wa bei poa umekwama hapo. Pachuli ina ukavu wa udongo na mbao, na ndiyo inayozuia sukari isikinaishe. Ukichagua chupa, tafuta huo ukavu: pachuli, sandali, udi, mdalasini, kahawa, hata tumbaku. Vanila tupu yenye maziwa na sukari ni nzuri saa mbili za kwanza, halafu inachosha pua ya aliye karibu. (Vanila yenyewe si ngeni kwetu. Inalimwa Kagera, upande wa pili wa ziwa.)

Usinunue kwa kunusa kifuniko. Puliza mara moja kwenye mkono, ndani ya kiwiko, kisha tembea. Dakika ya kwanza ni spiriti tu. Dakika ya kumi ni sukari, na hapo ndipo muuzaji anapotaka utoe hela. Subiri. Saa mbili zikipita, weka pua karibu na ngozi: ikiwa kilichobaki ni mbao, tende au vanila kavu, chupa hiyo itavumilia mchana wa Mwanza. Ikiwa ni plastiki iliyopata moto, au utamu unaokaa nyuma ya ulimi, achana nayo hata kama inauzwa nusu bei.

Kuhusu kujipaka. Oga, jikaushe vizuri, kisha weka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje moja ya harage, kwenye shingo na viwiko. Ngozi kavu ya Julai hunywa manukato yakaisha upesi, na mafuta huyashikilia. Losheni yenye harufu kali ya maua haifai, kwa maana itapigana na vanila na itashinda. Kwa alfajiri ambayo mchana wake utakuwa wa jua, puliza mara mbili tu kutoka kama sentimita 15: moja kifuani chini ya shati, moja nyuma ya shingo. Bonyezo moja hutoa takriban mililita 0.1, na kwa harufu hizi nzito hiyo si haba. Usisugue mikono, msuguano unapasha moto ngozi na kuharakisha zile harufu nyepesi za juu. Na usiongeze kwa sababu wewe huisikii tena. Pua huzoea harufu yake mwenyewe ndani ya dakika chache, jirani bado anaipata.

Ukihitaji zaidi asubuhi, iweke kwenye kinachovuliwa. Mtandio wa pamba au sweta ukipulizwa mara mbili jioni na kuachwa usiku kucha hutoa utamu mpole alfajiri, na mchana unauweka begini pamoja na harufu yake. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote. Tahadhari ni rangi: vanilini hugeuka kahawia kadiri inavyokutana na hewa, na doa lake kwenye kanzu nyeupe au kola ya shati halitoki kwa urahisi. Pulizia upande wa ndani, kwenye kitambaa cha rangi nzito. Kwa sababu hiyohiyo, chupa ya vanila iliyogeuka rangi ya chai kabatini haijaharibika lazima, nusa kwanza.

Jioni ni rahisi zaidi. Jua likizama na upepo ukianza kupoa, ngozi inabaki na joto lake la mchana, na hapo vanila inaamka kwa upole. Mara tatu zinatosha kwa ukumbini au barazani. Ukiwa juu ya kivuko hata mara nne upepo unazibeba, ila ukishuka na kuingia kwenye bajaji yenye mapazia ya mvua, zitakuwepo zote nne.

Kuna jambo la samaki, na watu wa Kirumba wanalijua. Ukitoka soko la samaki la Mwaloni ukiwa umeshika dagaa au sato, usifunike harufu kwa sukari. Vinachanganyika vikatoa kitu kizito kibaya kuliko kila kimoja peke yake. Shombo hilo linatokana na kemikali ziitwazo amini, na asidi huzifunga zisiruke: sugua mikono na kucha kwa limao, suuza, kisha sabuni, kisha suuza tena. Ngojea ngozi ikauke ndipo uguse manukato.

Wengi hununua manukato ya mafuta, mililita 3 au 6 katika chupa ya kigololi. Hayana spiriti, hayarukiruki, yanakaa karibu na mwili. Kwa siku zetu zenye nyuso mbili ni chaguo zuri. Mstari mmoja kila upande wa shingo, basi. Kama yana mdalasini au karafuu nyingi, jaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima, kwani mafuta ya viungo hivyo huweza kuwasha na kuacha vipele. Ukitaka kuyapuliza, changanya mililita 2 za mafuta na 8 za spiriti safi ya asilimia 95 au zaidi, weka gizani wiki mbili, na tikisa kila baada ya siku chache. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia mikono ina maji mengi: mchanganyiko unakuwa mweupe kama maji ya mchele, na mafuta yanajitenga. Spiriti ya taa haifai kabisa, imetiwa sumu. Na yote haya yafanyike mbali na jiko la mkaa.

Chupa ikae kabatini ndani ya boksi lake. Dirishani jua la saa nane linaipika. Mtandio wa kesho alfajiri uko kwenye msumari tangu jana jioni, umepulizwa mara mbili, upande wa ndani.