Siku moja gereji na soketi za ajabu: kutoka Fuso la asubuhi hadi hesabu ya jioni

Gereji ya kando ya barabara kuu, Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Soketi (vikombe vya kufungulia nati) za kawaida, milimita 8 hadi 32, zinakaa kwenye sanduku kubwa na kila fundi ana zake. Zile za ajabu zina trei yake, na siku inakwenda kwa kuifuata trei hiyo.

Saa 12:30 asubuhi. Trei inafunguliwa na kuhesabiwa kabla ya gari la kwanza. Zilizo nyeusi zinatengwa na zinazong'aa. Nyeusi ni za mashine ya upepo, chuma chake huvumilia kugongwa. Inayong'aa ni ngumu lakini hupasuka, na kipande kikiruka hakichagui pa kutua. Hiyo ni ya mkono tu.

Saa 1:00. Fuso la mbao, tairi la ndani la nyuma limeisha upepo. Kwenye malori ya Kijapani ya mfumo wa zamani, tairi za nyuma zilizopangwa mbili hushikwa na nati mbili kwa kila stadi (boliti ya gurudumu): ya nje ina pembe sita, 41 mm, na ya ndani ni kichwa cha mraba, 21 mm, kilichojificha ndani ya ile ya nje. Soketi yake huuzwa ikiwa na 41 upande mmoja na mraba wa 21 upande wa pili.

Hapa ndipo stadi hukatika, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uelekeo. Upande wa kushoto wa gari hesi (mikato ya uzi wa boliti) ni za kinyume, stadi zimeandikwa L, kwa hiyo kufungua ni kuzungusha kama mshale wa saa. Utingo asiyejua huvalisha bomba la mita mbili kwenye pawabaa (mpini mrefu wa soketi) na kuzidi kukaza mpaka stadi iseme ka! Sababu ya pili ni uvivu: watu hukaza 41 na kusahau 21. Nati ya nje haiikazi ya ndani. Tairi la ndani linacheza kimyakimya, matundu ya rimu yanapanuka, stadi zinachoka moja baada ya nyingine.

Kukagua ya ndani bila kushusha tairi: legeza nusu ya nati za nje, moja ruka moja. Kaza miraba ya hizo, rudisha na kukaza za nje, kisha fanya nusu iliyobaki. Mkazo ni Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 540 hadi 590. Kwa pawabaa ya mita moja, huo ni kama uzito wa kilo 55 hadi 60 ukining'inia nchani, basi dereva mnene akisimama juu yake na kurukaruka amekwisha kuzidisha. Kilomita 50 hadi 100 baadaye, rudia.

Saa 3:30. Chai, chapati, na RAV4 yenye injini ya 2AR inayobadilishwa oili. Chujio ni la karatasi ndani ya kofia ya plastiki. Kikombe cha kuifungulia ni 64 mm chenye mapande 14. Kofia ikazwe Nm 25, basi. Mnyororo wa kufungulia chujio huipasua.

Saa 4:30. Land Cruiser ya mkonga mzima (ekseli isiyogawanyika) mbele, tairi linalia. Nati za beringi ni 54 mm, mbili, nyembamba, zimetenganishwa na washa (kipete bapa) yenye meno yaliyokunjwa. Kila gereji ina hadithi ya patasi na nyundo kwenye nati hizi, na alama zake unaziona ukifungua tu habu (kitovu cha gurudumu): pembe zimeliwa, vipande vya chuma vimechanganyika na grisi. Hayo ndiyo yaliyoua beringi.

Soketi ya 54 ya dukani mara nyingi ni nene, haiingii ndani ya habu, na mdomo wake umechongwa mteremko. Nati ikiwa nyembamba, mteremko huo unakula nusu ya mshiko. Saga mdomo uwe bapa. Kisha: kaza nati ya ndani hadi Nm 59 hivi, zungusha habu huku na huku mara mbili tatu, legeza mpaka izunguke kwa mkono. Kaza tena kidogo kidogo ukivuta stadi kwa mizani ya ndoano. Habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.6. Washa mpya, nati ya nje Nm 64, pima tena, maana nati ya nje husogeza kipimo. Jino moja la washa likunjwe ndani, jingine nje.

Saa 7:30 mchana. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Soketi ya 22 mm yenye mkato wa kupitishia waya. Mkato huo ndio udhaifu wake: ukivuta kwa nguvu, soketi hufunguka mdomo na kuteleza. Kama sensa inatupwa, kata waya, tumia 22 ndefu isiyo na mkato. Ekzosi iwe vuguvugu.

Saa 9:00. Gari la Kijerumani. Vichwa vya nyota vya nje, E10, E12, E14. Namba hiyo si milimita! E10 ina upana wa 9.4 mm hivi, kwa hiyo soketi ya 10 yenye pembe kumi na mbili inakubali kuingia, kisha inalamba meno. Kwenye ekseli kuna boliti za meno kumi na mawili ya ndani, za M8. Nyota ya kawaida pia inaingia humo na kuharibu. Chokonoa uchafu kwa msumari, gonga biti mpaka iketi chini, ndipo uzungushe.

Saa 11:00 jioni. Nati zilizoliwa za siku nzima. Soketi yenye mikunjo ya ond (ya kuzunguka kama parafujo) ndani hugongwa juu ya nati, na kadiri unavyofungua inazidi kuuma. Nati inayotoka hairudishwi.

Saa 12:00. Dizeli, kitambaa, hesabu. Soketi ya 41 na mraba wa 21 haipo. Simu kwa dereva wa Fuso: imo kwenye sanduku la utingo, na lori limeshafika Igawa.